Fomu Isiyouliza Habari za Dada

Mwishoni mwa miaka ya sitini, mwalimu wangu wa uchumi chuoni alinituma kwetu Pate wakati wa likizo, nikawahoji wanaume kuhusu kipato chao na cha baba zao. Alitaka kujua riziki ya mzazi inamfikiaje mtoto. Nilishuka bandarini Mtangawanda na bahasha ya fomu na kiburi kizito kuliko bahasha.

Kazi ilinishinda siku ya kwanza. Niliwauliza wazee wanapata ngapi kwa mwaka, wakanijibu alhamdulillahi. Nani atamtajia mtu mavuno yake ya tumbaku, apigwe jicho la hasadi? Walionihurumia walinitajia mavuno ya mwaka wao mbaya kuliko yote. Nikayaandika.

Kisha nikafika kwetu, yaani kwa dada yangu. Baba alimpa nyumba alipoolewa, kama ilivyo desturi yetu: nyumba huenda kwa binti, na mume humfuata humo. Ule ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo, ambao utotoni niliuhesabu wangu, sasa ulipangwa sahani za harusi ya mtu mwingine. Mimi nilitandikiwa mkeka.

Shemeji yangu, mshona kofia, alikaa kwenye kibaraza cha mlangoni akidarizi. Alinitajia kipato kidogo mno, na cha marehemu baba yake kidogo zaidi. Niliviandika kwa mwandiko mzuri kupita kiasi. Akauliza mimi napata ngapi. Nikasema bado nasoma.

"Basi niandike fukara, shemeji," akasema bila kuinua macho. "Ila ukiingia ndani, vua viatu."

Nilimfuata baba shambani, nikamuuliza inakuwaje mwanawe msomi hana hata ukuta mmoja. Nililiita swali la utafiti. Aliendelea kupalilia.

"Nyumba ni ya mwanamke," akasema. "Ukiitaka, oa mwenye nayo."

Fomu haikuwa na mstari wa kuuliza binti amepewa nini. Ningeweza kuandika pembeni. Nafasi ilikuwepo na penseli nilikuwa nayo. Sikuandika. Niliporudi chuoni, mwalimu aliniuliza kama kuna jambo fomu imelisahau. Nikasema hakuna.

Akahitimisha kwamba wazee wa kwetu hawawaachii watoto kitu, na kwamba watu kama shemeji yangu ni maskini waliozaliwa na maskini. Ilikuwa hesabu ya kwanza iliyomweka shemeji chini yangu. Nilijua ina kosa, nikaomba nakala yangu.