Panya Asiye na Macho

Baba alijua tu kwamba kila Jumamosi nakwenda mtaa wa Braamfontein kujifunza netsuke, vinyago vya Kijapani vinavyotosha kiganjani. Nilimweleza kuwa Wajapani wa zamani walivaa nguo zisizo na mifuko, wakaning'iniza vikoba mshipini kwa uzi, na kinyago kikauzuia uzi usichomoke. Akanipa kipande cha mpingo alichokuja nacho kutoka Tanga.

"Cha mwisho hicho. Nifanyie kitu cha maana."

Sikumwambia nachonga panya. Kwetu sanamu ya kiumbe haikai ndani. Mama hata kalenda ya paka aliigeuza ikatazama ukuta.

Miezi mitatu nilimficha kwenye soksi. Mkia nilimzungushia mwilini, maana netsuke haitakiwi kuwa na kitu kinachochomoza kikanasa nguo. Yakabaki macho, na matundu mawili ya uzi tumboni. Kila tundu linaanzia upande wake, yakutane ndani. Yakipishana, kazi imeharibika. Mwalimu aliutazama mkono wangu, akasema nitafute mtu asiyetetemeka.

Nilimjua mmoja tu. Jumapili nikamfuata baba gerejini, anakotengenezea makabati, nikamtoa panya kwenye soksi.

"Nini hiki?"

"Panya."

"Panya! Mama yako anawafukuza kwa ufagio, wewe unawachonga?"

Sikucheka. Na yeye hakucheka. Alipitisha kidole gumba juu ya mkia, polepole, kama anavyokagua mlango wa kabati kabla mteja hajafika.

"Macho yako wapi?"

"Bado. Nimeweka alama tu. Nimekuja unitobolee matundu ya uzi."

"Basi usiyachonge. Akibaki hivi si kiumbe, nitatoboa. Ukiyachonga, simtaki humu."

"Mwalimu ataniuliza, baba."

"Mwambie amelala."

Nikakubali haraka mno. Akamfunga kitambaa, akambana, akachukua keekee ndogo ya mkono. Tundu la kwanza lilipita vizuri. La pili, katikati, keekee ikakwama.

"Eish," akasema baba, ambaye hunikataza kusema eish.

Akairudisha nyuma. Akapuliza vumbi. Akazungusha tena kidogo kidogo, kisha akaingiza uzi. Haukutokea. Akalamba ncha, akajaribu tena. Ukachungulia upande wa pili.

"Haya, mchukue panya wako."

Sasa panya anakaa juu ya meza yangu, wazi. Zile alama mbili za macho, za penseli nyeupe, nilizifuta jana kwa mate. Leo nimezichora tena. Patasi iko pembeni, na baba anakohoa sebuleni.