Fundi wa Mashine ya Baba

Fundi wa kompyuta aliyekuja nyumbani kwetu hapa Songea ni mwanamke wa makamo, mwenye vidole vifupi na sauti ya chini kama ya mtu aliye msibani. Alimpa mama shikamoo, akaketi sakafuni mbele ya seva ya marehemu baba, ile iliyohifadhi nyimbo zote za kwaya alizokuwa akirekodi. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo, na tangu hapo mashine haikuwaka tena. Kabla ya kushika bisibisi aliinusa mashine. Kila alipochomoa waya aliulaza juu ya kanga, kisha akafuta mikono kwenye sketi. Nyaya zile baba alizifunga kwa uzi, fundo juu ya fundo. Nilimpa mkasi, akatikisa kichwa. "Alifunga kwa moyo," alisema, akayafungua mafundo kwa kucha, moja baada ya jingine.

"Pawasaplai, hii inayoingiza umeme, ndiyo imeungua," alimwambia mama. "Nitaweka nyingine. Ila diski yenye nyimbo sijui kama imepona, mama. Ukae kwanza."

Mama akakaa. Pawasaplai mpya ilipowekwa, feni ya mashine ilianza kuzunguka, lakini fundi hakutabasamu. Aliweka kiganja juu ya mashine, akasikiliza. Faili la kwanza lilipofunguka, haukutoka wimbo. Ilitoka sauti ya baba akijaribu maikrofoni: "Moja, mbili. Ludovika, unanisikia?" Fundi akaondoa mkono kwenye mashine, akainamisha kichwa.

"Nakusikia," mama alijibu.