Nilivyonyoosha Sahani Ziwani

Mnicheke, nimeshazoea. Juzi chama chetu cha mafundi cherehani kilikodi boti kutoka Mwanza, siku mbili za kupunga upepo ziwani. Tulipotia nanga kisiwani, likazuka wazo la kushuka na kutembea kutwa nzima kwenda kuona jiwe maarufu. Jiwe! Mtu wa Mwanza, niliyezaliwa juu ya mawe na ninayeanika nguo juu ya mawe? Nikapinga mpaka mate yakanikauka, nikavuta nusu ya mafundi upande wangu, kisha nikashuka chini kulala na njaa yangu.

Nikaamshwa na sauti ya mwenyekiti, Mama Kabula, ambaye hata barabara kwake ni balabala.

“Jamani, ni kula sasa! Wanaotaka, mikono juu!”

Nikakwapua sahani, nikapanda ngazi mbio, nikainyoosha juu kuliko wote.

“Mimi hapa! Tena msinipunje!”

Boti nzima ikaangua kicheko. Hapo ndipo nikaona kwamba mwenye sahani ni mimi peke yangu.

“Mikono ilikuwa imelingana, fundi,” Mama Kabula akasema huku akifuta machozi. “Kula yako ndiyo imepitisha safari ya jiwe. Weka sahani, vaa viatu. Chakula ni jioni.”