Sombe ya Siku za Risasi

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na binti yangu minne, uasi ulipofika Uvira. Baba yake alikuwa amevuka ziwa kutafuta kazi. Tulikaa mtaa wa Songo, mimi na binti yangu peke yetu, na kama nyumba zote za pale tulikuwa tumezoea kulala sakafuni risasi zinapolia upande wa milima.

Nilikuwa na kaye, daftari la shule, ambamo niliandika namna ya kulea mtoto. Shule niliiacha darasa la nne. Mengine nilijifundisha kwa kusoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu, hata zile za kufungia karanga. Kanuni ya kwanza ilisema: mtoto asione woga wa mama yake. Niliiandika upya mara tatu kwa sababu mistari haikunyooka.

Risasi zilipolia mara ya kwanza, mtoto aliniuliza, “Mama, ile ni nini?”

“Iko mama jirani anatwanga sombe.”

Akatulia. Nilijisikia fahari, sifichi. Tangu hapo niliutunza uongo ule kama fundi anayeshona nguo ya arusi. Nilijizoeza mbele ya kioo ili nyusi zisicheze nikitamka neno lile. Na kwa kuwa sikutaka pabaki tundu lolote, kila risasi zilipokoma nilitafuta majani ya muhogo, ndiyo sombe yenyewe, nikayapika kwa mawese, nikamwekea na bugali. “Unaona? Mama jirani ametuletea.” Alikula mpaka akalamba vidole.

Jirani mwenyewe hakujua lolote. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye mdomo, na kinu chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote pale kwetu.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua nguo. Risasi zikaanza, karibu kuliko siku zote. Nikakimbia ndani, nikajitupa chini ya kitanda, nikanyoosha mkono nimvute mtoto. Hakuwemo. Sahani yake ya bati pia haikuwepo mahali pake.

Ningependa kuandika kwamba nilitoka mara moja kumtafuta. Sikutoka. Nililala pale, mdomo kwenye vumbi, mpaka kukawa kimya. Ndipo nikamsikia jirani akipiga kelele kutoka kwake.

“Weye mama! Kuja uone mutoto wako! Risasi inapita juu ya mabati, yeye amesimama mu mulango na sahani, ananiambia, ‘Mama, nimekuja kukamata sombe.’ Minye nitwange sombe gani? Tangu juzi sijagusa kinu!”

Nikakimbilia kwake. Alikuwa amemvuta mtoto ndani na kumlalia ili amkinge. Mtoto hakuwa na jeraha. Sahani ilikuwa ingali mkononi.

“Ulisema iko mama jirani anatwanga sombe,” akaniambia.

Jirani alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. “Kumbe ni minye ndiye napiga vita hii yote? Na muchi wangu mumoja? Sasa umwambie kweli, hapa hapa, nikisikia.”

Sikuwa nimejizoeza. Nilisema tu kwamba ile ni bunduki, kwamba inaua watu, kwamba ndiyo maana tunalala chini.

“Na weye unaogopaga?” mtoto akaniuliza.

“Naogopa sana.”

“Siku zote?”

“Siku zote.”

Akafikiri. Kisha akaweka kiganja tumboni. “Minye pia. Inaniumaga hapa. Nilizani iko njaa.”

Miezi ile yote alikuwa akiogopa kama mimi, nami nilikuwa nimeupa woga wake jina lingine na kuulisha bugali.

Baada ya siku hiyo tulilala chini tukiwa tumeshikana, na kila mmoja alisema inamuuma wapi. Alilia mara nyingi. Kilio chake kilinichosha kuliko utulivu wake wa zamani, na kuna siku nilitamani kurudia uongo.

Kuniamini ndiko kulikokawia. Kwa muda mrefu, nikimwambia lolote, hata kwamba maji yamechemka, kwamba leo hakuna soko, alivuka ua kwanza kwenda kumuuliza mama jirani kama ni kweli. Nilisimama mlangoni nikimngoja arudi na jibu.