Cherehani Zilipotenganishwa

Hakuna aliyemchukia Pasi pale kiwandani, na hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa na adui ningemlaumu huyo adui, tukamalizana. Lakini wapi! Yote aliyafanya mwenyewe, kwa mikono yake miwili, tena kwa moyo mweupe.

Binti huyu jina la Pasi walimpa wenzake kwa ajili ya kazi yake. Kiwanda kilikuwa cha kushona sare za shule, ukumbi mmoja mrefu wa bati, na yeye alisimama mwisho kabisa karibu na mlango wa nyuma, akipiga pasi mashati yaliyokwisha kushonwa. Ujana wake wote uliishia kwenye mvuke ule. Cherehani alizisikia tu zikinguruma ng'ambo ya rundo la nguo. Shati likimfikia mshono umenyooka na kola imekaa sawa, analipiga, analikunja, analiweka.

Mmoja wa washonaji alikuwa mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyemlea tangu mama mzazi alipofariki, akamsomesha kwa cherehani hiyohiyo, na baadaye akamwombea kazi ya pasi. Hakuwa na mume wala mtoto mwingine. Alikuwa mtu wa maneno machache na utani wa chinichini. Ukimwuliza hali atakujibu, "Mzima kama uzi mpya," kisha anainamia kazi yake.

Basi siku moja mwenye kiwanda, waliyezoea kumwita Tajiri, akaanza kulalamika kwamba kuna washonaji wanaomrudisha nyuma. Akasema atawachuja. Pasi hakulisahau neno hilo la kuchuja. Alijua mama mdogo akitolewa pale hana pa kwenda, maana nani atamwajiri mtu wa umri ule? Kwa hiyo nafasi ya msimamizi wa ukumbi ilipotangazwa, alikwenda kuiomba.

"Wewe wa pasi?" Tajiri alimwuliza.

"Mimi wa pasi, ndiyo. Ila kila nguo inapita mikononi mwangu mwisho. Kosa lolote ninaliona mimi."

Tajiri alilipenda jibu. Akampa kazi kwa majaribio, akampeleka na semina ya uongozi juu yake.

Jioni ile nyumbani Pasi alikuwa hashikiki kwa furaha. "Mama mdogo, sasa mimi ndiye msimamizi. Hakuna atakayekugusa!"

"Haya, bosi wangu. Niinuke nikupishe kiti?" Mama mdogo alicheka, halafu akamsogezea sahani. "Ila usije ukagusagusa vitu sana mle ukumbini."

"Vitu gani?"

"Ah, basi tu. Kula, chakula kinapoa."

Pasi akala. Masikini, alidhani ni utani mwingine.

Semina ilimwingia vibaya. Mkufunzi alikuwa kijana mwenye tai nyekundu, asiyeishiwa maneno, na alisema kiongozi akianguka hujikung'uta akainuka, kiongozi haogopi kulaumiwa, kiongozi akiingia mahali lazima mabadiliko yaonekane. Pasi aliyameza yote bila kutafuna. Aliporudi kiwandani alisimama mbele ya ukumbi kwa mara ya kwanza na kuangalia ni kipi cha kubadilisha.

Cherehani zilikuwa zimepangwa mbilimbili zikitazamana, na washonaji walikaa goti kwa goti. Mikono ilikuwa inavuka meza muda wote, huyu anachukua kwa yule, yule anarudisha kwa huyu, na soga juu yake. Pasi akaona umbea unaokula saa za kazi. Akaagiza cherehani zitenganishwe, zipangwe safu mojamoja zikielekea mbele, na kila mtu awe na kapu lake.

Aliyekaa uso kwa uso na mama mdogo alikuwa mwanamke mmoja mnene aliyeitwa Bi Kelele, na kwa jina hilo hakuonewa. Yeye alinyanyuka.

"Pasi mwanangu, tuache tulivyo. Tumezoeana."

"Na hivi mtazoea, Bi Kelele."

"Si la kuzoea hili."

"Ni la nini basi?"

Bi Kelele akamtazama mama mdogo. Mama mdogo akatikisa kichwa kidogo tu, na Bi Kelele akakaa chini bila kuongeza neno. Ebo! Mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika ananyamaza mbele yako, na wewe hujiulizi? Pasi hakujiuliza. Aliona ameshinda, akasaidia mwenyewe kusukuma meza.

Kesho yake Tajiri alipita kukagua safu mpya, mikono nyuma, amefurahi. Alipofika kwa mama mdogo akasimama. Mama mdogo alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani. Uzi ukapita pembeni. Akaulowesha kwa ulimi, akausokota, akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Kapu lake lilikuwa tupu. Ukumbi mzima ulikuwa umeacha kushona, na Bi Kelele, kule safu ya mbali alikopelekwa, alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha shati.

Hapo ndipo Pasi alipojua walichokijua wote isipokuwa yeye. Macho ya mama mdogo yalikuwa yamekwisha. Bi Kelele ndiye aliyekuwa akimtilia uzi na kumshonea kola, na mama mdogo akimpokea mishono mirefu iliyonyooka, ambayo vidole vyake viliijua bila macho. Wamebebana hivyo muda mrefu, na mashati yakaendelea kufika kwenye pasi bila kasoro. Mama mdogo hakumwambia kwa sababu alijua msichana wake angekonda kwa mawazo.

"Kumbe walikuwa wanambeba!" Tajiri alisema ofisini. "Kazi nzuri sana. Bila wewe nisingejua."

"Mzee, nakuomba. Mpe kazi ya vifungo."

"Vifungo, na macho yale?"

"Basi nirudishe kwenye pasi, yeye abaki."

"Abaki afanye nini?"

"Basi na mimi naacha kazi."

"Uache, halafu mle nini nyie wawili?" Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. "Nenda ukamwambie mwenyewe. Kiongozi ndiye anayesema maneno magumu."

Akaenda. Njia ya kutoka ofisini hadi ile safu ilikuwa fupi, na hajawahi kutembea njia ndefu kama ile. Mama mdogo alikuwa ameshaifunika cherehani yake kwa kitambaa.

"Usiseme, mwanangu. Nimeujua mwendo wako."

Wiki iliyofuata Pasi alizirudisha cherehani zikatazamana. Hakuna aliyemkatalia wala kumshukuru. Akipita sasa, soga zinakatika mpaka amalize kupita, na Bi Kelele anamwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni. Maji yakimwagika hayazoleki. Yule mwenye tai nyekundu alimfundisha namna ya kuinuka baada ya kuanguka, lakini aliyeanguka ni mwingine, tena hakupelekwa semina yoyote. Tajiri amemthibitisha kazini. Anasema ana moyo wa uongozi, anavumilia.

Nyumbani mama mdogo anaketi karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja. Hajamlaumu hata mara moja, na Pasi angetoa chochote alichonacho alaumiwe. Kabla ya kwenda kazini anatia uzi kwenye sindano za mkono, moja baada ya nyingine, anazichomeka kwenye mto wa kiti ili mama mdogo apate za kushonea mchana kutwa. Anamwekea na vipande vya kitambaa.

"Nimekuwekea sindano, mama mdogo."

"Ahsante, bosi wangu."

Jioni akirudi anazikuta zote kwenye mto, nyuzi zinaning'inia urefu uleule aliouacha. Anazichomoa nyuzi, anazizungusha kwenye vibiringo vyake, na asubuhi anaanza kuzitia upya.