Mashine ya Mawe na Moyo wa Tata

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Kwa miaka kumi nimenunua mawe ya kobalti kwa wachimbaji wa mgodi wa Mashamba na kuyauza depo, kwenye nyumba ya wanunuzi, na depo ni shule. Pale kuna mashine yenye umbo la bastola. Mpimaji anailenga gunia, namba inatokea, na namba hiyo ndiyo bei yako. Sisi wauzaji tunasema mashine imechezewa. Wanunuzi nao wanasema tunapanga mawe mazuri juu na mabovu chini, maana mashine inaona ya juu tu. Wote tunasema kweli.

Kwa hiyo Tata, baba yangu, alipopelekwa India kuzibuliwa mshipa wa moyo, nilimsindikiza nikiwa macho. Walimwingiza asubuhi. Chai yangu haijapoa vizuri, wakamtoa. Kifuani hakuna kidonda, ila bandeji ndogo kwenye kifundo cha mkono. Daktari alieleza, mkalimani akatufafanulia: wamepitisha waya mwembamba mkononi hadi moyoni, na huko wameacha kimrija cha wavu kinachoshikilia mshipa usijifunge tena. Kimetengenezwa kwa kobalti.

"Pengine ya kwenu," daktari akasema, akacheka. Kisha akaacha kucheka na kutupa aina mbili za dawa. Mwaka mzima, asikose hata siku moja, hata akijisikia mzima.

Tata alifurahi sana. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, naye mwenyewe alizeekea katika kiwanda cha kobalti. Tuliporudi nyumbani akawaambia watu wote kanisani kwamba kobalti imemlipa pensheni. Mimi sikucheka. Nani anatengeneza moyo kupitia mkono? Na kwa nini haraka vile?

Mwezi wa tatu baada ya kurudi akaanza tena kuchoka. Kutoka nyumbani hadi kanisani alipumzika mara mbili, na mimi nikahesabu zote mbili. Moyoni nilikuwa nimekwisha hukumu: tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Siku moja nikashindwa kunyamaza, nikamwambia. Tata alijipapasa kifua.

"Mama," alisema, kwani aliniita hivyo tangu utotoni, "ile mashine yenu ya kupimia mawe, haiwezi kuniona mi?"

Ningecheka. Badala yake nilitafuta funguo za gari.

Mpimaji wa depo alikataa kwanza. "Tata, hapa tunapima mawe, hatupimaka bantu." Nilimbembeleza, nikamkumbusha mimi ni mteja wa siku nyingi. Tata akafungua vifungo vya shati, akasimama wima kati ya magunia kama anayepigwa picha ya pasipoti. Mpimaji akaweka mdomo wa mashine kifuani. Tukangoja. Kobalti: hakuna. Akarudia upande wa kushoto. Hakuna.

Kusema kweli nilifurahi. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimemshika mwizi.

Jioni ile Tata alisukuma vidonge kando ya sahani. "Kama hakuna kitu mule ndani, dawa njo ya kulinda nini?" Sikumpinga. Nilizikusanya dawa mwenyewe nikaziweka juu ya kabati, ziwe ushahidi siku ya kuwashtaki.

Siku ya tisa maumivu yakamshika akivaa viatu. Hospitalini daktari kijana alitazama karatasi za India, akaagiza Tata apigwe picha ya kifua, halafu ilipoletwa akaiinua dirishani. Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa alama ndogo, isiyozidi punje ya mchele, pale pale waliposema wamekiweka kile kimrija.

"Iko. Lakini damu imeganda ndani, nadhani imeziba. Dawa alikuwa anakunywa?"

Nikamweleza habari ya mashine ya depo. Hakunicheka, na afadhali angenicheka. Alisema mashine ile haipiti ngozi ya mtu, inasoma kilicho juu tu.

Tata alikuwa akitusikiliza kutoka kitandani. Akaomba aione picha. Nilimshikia, maana mikono yake haikuwa na nguvu tena, naye akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe habakutuibia," akasema. Uso wake ulifunguka kabisa. "Bazungumuzie bantu ba kanisa, mama. Ubaambie kobalti iko."

"Ndiyo, Tata."

Alifariki siku ya pili yake. Kanisani niliwaambia kobalti ilikuwapo, kama alivyoniagiza. Sikuwaambia kwamba asubuhi ile ile niliyompeleka depo, kabla hatujatoka nyumbani, nilikuwa nimepanga mawe mazuri juu ya gunia langu.