Odeta na Mbadilisha Pesa wa Kabanga

Odeta wa Murusagamba hasamehe, na hataki mtu wa kumshauri asamehe. Padri alijaribu, akaambiwa aendelee na misa yake.

Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ng'ambo, Burundi, na dawa ilitakiwa ilipiwe kabla ya jioni. Odeta akauza mbuzi, akabeba shilingi zake hadi mpakani Kabanga, akamkabidhi Philbert, mbadilisha pesa mwenye maneno matamu na kiti cha plastiki.

"Bei kama yangu hapa haipo, dada," Philbert alimwambia, akampa bunda la faranga.

Odeta alihesabu, zikatimia. Hakujua kwamba noti zile zilikwisha kuondolewa kwenye matumizi. Philbert alijua. Kazi yake ni kujua.

Hospitalini mhasibu alizitazama, akazirudisha. Odeta akahangaika huku na huku akikopa. Dawa ilipopatikana, mama alikuwa ameshafunikwa shuka.

Matanga yalipokwisha, Odeta akamfuata Philbert, naye akaruka kimanga mbele za watu: hamjui mwanamke huyu. Polisi wakauliza risiti. Risiti gani, barabarani pale? Odeta akaondoka. Wiki iliyofuata akarudi na beseni la ndizi mbivu, akaketi ubavuni mwa kile kiti cha plastiki.

Na sauti anayo, Mungu kampa! Kila abiria aliyeshuka na shilingi mkononi alimsikia: "Huyu alinipa noti zilizofutwa, mama yangu akafa! Nendeni benki! Msimpe hata senti!" Jua liwake, mvua inyeshe, hakuchoka. Ndizi zilimwozea, hakujali. Alifurahi, tena sana, kuona wateja wakimpita Philbert kama wanavyopita nyumba yenye ugonjwa.

Mwishowe Philbert alimsogelea, shati likimpwaya.

"Dada, yaishe. Nitakulipa zote. Nina watoto."

"Mimi nilikuwa na mama," Odeta akajibu, akaligeukia basi lililokuwa linasimama.

Philbert akahamia Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, ambako hakuna aliyemjua. Siku ya kwanza alipata wateja. Ya pili, akiwa anamhesabia mama mmoja faranga, akasikia beseni likitua nyuma yake. Hakugeuka. Alimrudishia yule mama shilingi zake, akaanza kukunja mkeka aliokalia.